Mkituhamisha, Tuhamisheni Pamoja: Barua ya Wazi kutoka Nsambya

Kwenu wakubwa mnaopanga na kuendesha jiji la Kampala, pamoja nanyi mlio katika wizara za ardhi, nyumba na biashara,

Salamu nyingi. Alama ya X ya kubomolewa iliyo kwenye ukuta wa duka langu ni nyekundu, na kijana aliyeipaka alinunua brashi kwenye duka la vifaa vya ujenzi lililo mlango wa pili kutoka kwangu. Jirani yangu alimuuzia, akamrudishia chenji, kisha akatoka nje kumtazama akianzia kazi kwenye ukuta wake yeye mwenyewe. Tumecheka sana kwa habari hiyo. Ndivyo tulivyo huku: jambo likizidi machozi tunalicheka kwanza, halafu tunatafuta mtu wa kumwandikia.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina cherehani tatu, moja ya kukanyaga niliyorithi kwa mama na mbili za umeme. Duka liko kwenye kichochoro kinachochepuka kutoka barabara ya Ggaba, upande wa Nsambya, kabla hujafika Kabalagala. Nimekulia hapa hapa. Baba alikuwa polisi, nasi tukalelewa kambini Nsambya, ambako watoto wa Waacholi, Waganda, Wateso na Walugbara tulikuwa tukigombana na kupatana kwa Kiswahili. Ndiyo sababu nawaandikia kwa lugha hii, na msishtuke. Najua wengi nchini walikiona Kiswahili kuwa lugha ya askari na wezi. Lakini marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kiwe somo la lazima shuleni. Basi nami nakitumia. Notisi ya kubomolewa tuliyobandikiwa ilikuwa ya Kiingereza kitupu, kurasa mbili, na nusu ya kichochoro walipanga foleni kwangu niwasomee. Niliisoma mara sita. Mara ya sita nilikuwa nimeikariri kama sala, na bado kulikuwa na sentensi moja ambayo hakuna aliyeielewa, mimi nikiwa wa kwanza.

Kabla ya malalamiko, naomba mjue ni nini hasa mmekitia X.

Chukueni kochi la watu watatu. Mteja anakuja Jumatatu asubuhi na picha kwenye simu, mara nyingi picha ya kochi la Uturuki au la kwenye tamthilia, na anamwambia seremala wetu, "Mzee, nataka kama hili." Mzee anaitazama picha kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji, anaguna, anauliza sebule ina ukubwa gani. Mbao anazotumia siku hizi ni mugavu na musizi. Mvule umekuwa mti wa matajiri. Anapiga randa, anaunganisha kiunzi, na kufikia saa saba mchana kiunzi kimesimama mlangoni kama mbuzi aliyechunwa. Hakina miguu.

Miguu iko ng'ambo ya pili ya kichochoro, hatua kumi na nne. Nimezihesabu. Huko yuko fundi wa kukereza, ambaye mashine yake ameiunda mwenyewe kwa mota kuukuu iliyotoka kwenye kinu cha kusaga mahindi, mkanda wa gari na vyuma vya kitanda. Ukimkuta kazini, simama kidogo. Kipande cha mbao cha mraba kinaingia, kinaanza kuzunguka hadi pembe zake zinapotea machoni, kisha patasi inakigusa na vumbi linaruka jeupe kama unga wa muhogo. Baada ya dakika chache mbao imepata shingo, imepata tumbo, imepata kisigino. Anazima mashine, anapitisha kidole gumba kuanzia juu hadi chini, anauweka mguu mpya ubavuni mwa wa kwanza. Yule wa kwanza anamwita mama. "Mama" haondoki mezani mpaka watoto wote watatu watimie.

Kutoka hapo kazi inahamia kwa fundi wa makochi. Yeye anakata mipira ya ndani ya magurudumu kuwa mikanda, anaivuta na kuipigilia misumari kwenye kiunzi ili mkalio uwe na mnepo, anapanga sponji, kisha ananiletea mimi vipimo vya vifuniko vya matakia. Vipimo haviji kwenye karatasi. Huviandika kwa penseli kwenye kipande cha mbao, kwa sababu karatasi hupotea na mbao haipotei. Nina rafu nzima ya vipande hivyo. Ukiniuliza familia fulani ya Kansanga ilinunua kochi la inchi ngapi mwaka juzi, naweza kukuonyesha mbao yenyewe. Mimi nashona usiku kama Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, haijaisha. Mteja akitaka meza ya vioo yenye miguu ya chuma, fundi wa kuchomelea yuko nyuma ya choo cha jumuiya, na cheche zake ndizo zinazotuonyesha kwamba umeme umerudi. Mama wa chai na kikomando, yaani chapati na maharage, analisha wote hawa, anaandika madeni ukutani kwa mkaa. Alhamisi jioni kochi linapakiwa kwenye mkokoteni.

Siku nne, na hakuna aliyepanda boda boda hata mara moja.

Sasa angalieni hela. Mteja ametoa nusu tu, na nusu hiyo imeishia yote kwenye mbao. Sponji imechukuliwa kwa neno la mdomo. Miguu imekerezwa kwa neno la mdomo, uzi wangu vivyo hivyo, na chapati zilizoliwa tangu Jumatatu ziko ukutani kwa mama wa chai. Siku mteja anapomaliza malipo, fedha hutembea kichochoro chote ndani ya robo saa na madeni yanafutwa kwa kitambaa. Benki gani ingetukopesha hivyo, bila fomu, bila riba, bila hati ya kiwanja? Dhamana yetu ni kwamba tunaonana. Nikifungua dirisha namwona ninayemdai, na anayenidai ananiona. Mtu hawezi kukudhulumu asubuhi kisha saa nne akaja kukuazima tepu ya kupimia.

Kitu hiki hakiandikwi kwenye ramani yoyote. Ninyi mkipita na gari mnaona vibanda kumi na vinane vya mabati vilivyokaa mahali pa thamani. Mimi nakiona kiwanda kimoja ambacho hakina mwenyewe.

Nasema kwa kuwa nimeshaona kinavyokufa. Zamani tulikuwa na mafundi wawili wa kukereza. Miaka michache iliyopita upande wa juu wa kichochoro ulivunjwa ili lijengwe jengo la apatimenti, na mmoja wao akapata kibanda nje ya mji, upande wa Mukono. Kodi huko ilikuwa nafuu, umeme upo, mahali pazuri. Tukaendelea kumpa kazi, miguu ikawa inakuja kwa boda boda imefungwa kwenye gunia. Mara ya tatu mguu mmoja ulikuja mfupi kwa unene wa kidole. Kochi likawa linatikisika kama jino la mtoto, mteja akalirudisha na maneno yake yote. Zamani ungevuka hatua kumi na nne ukamwonyesha, akakereza mwingine huku unangoja. Sasa ilikuwa nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na siku mbili. Halafu akaanza kutaka alipwe kabla ya kuwasha mashine. Simlaumu, maana hatuonani tena. Mwaka uliofuata aliuza mota. Nasikia sasa analinda geti.

Aliyebaki anatuhudumia wote. Mwaka jana alipougua malaria, maseremala watatu, mafundi wa makochi wawili na mimi tulikaa siku tano tukitazamana. Mama wa chai ndiye aliyetia hesabu vizuri kuliko sote: alipika nusu sufuria.

Kwa hiyo mnaposema, na nimewasikia wengine wenu mkisema redioni, kwamba wenye vibanda "watatafuta mahali pengine", mimi nauliza: nani na nani wataenda mahali pamoja? Seremala atakwenda kwa shemeji yake Wakiso, fundi wa makochi atarudi Masaka, mimi nitaweka cherehani sebuleni. Kila mmoja atakuwa amepata mahali, na hakuna kochi litakaloshonwa.

Mafundi wa sehemu hii hawakuanza jana. Hospitali ya Nsambya ipo tangu 1903, reli ikafika Kampala 1931, na palipo na hospitali na reli patahitajika kitanda, sare, kufuli na mtu wa kuziba sufuria. Ukishuka kuelekea Katwe unakuta ndugu zetu wa vyuma, wale wanaoyeyusha alumini chakavu na kuimimina kwenye udongo kupata masufuria, wanaofua sigiri kutoka mapipa. Baada ya 1972, Waasia walipofukuzwa na bidhaa za nje zikaadimika, watu wengi walitegemea vipuri vilivyochongwa Katwe ili gari litembee. Dar es Salaam wana Keko, Nairobi wana Gikomba. Sisi tunayo haya.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa sindano, niruhusuni hili moja. Gomesi, vazi ambalo hakuna kwanjula, sherehe yetu ya utambulisho wa wachumba, inayokamilika bila yake, jina lake limetoka kwa fundi Mgoa, mtu wa asili ya Goa kule India, aitwaye Gomes, aliyeshona hapa Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1900 kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza. Mabega yaliyochongoka, shingo ya mraba, vifungo viwili, mshipi mpana chini ya kiuno, na kitambaa kinachoweza kufika mita sita. Kila ninaposhona mabega yale, ambayo yakilegea hata kidogo bibi harusi anaonekana kama amebeba mto, namkumbuka Mgoa yule. Nguo ya heshima ya taifa ilitoka kwenye meza ya fundi mmoja mwenye duka lake. Nashangaa kama na yeye aliwahi kupakwa X.

Watu wengine wa kichochoro chetu mngependa pia kuwajua. Milango mitatu kutoka kwangu kuna mama kutoka Bukavu, Kongo, anayeuza vitenge. Yeye anaviita vikwembe, na Kiswahili chake kina muziki ambao sisi wa kambini hatuna. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 ilimpa ruhusa ya kufanya kazi na kutembea, naye ameitumia barabara. Mteja akinunua kitambaa kwake analetwa kwangu ameshikwa mkono. Siku za Jumamosi anauza na sambaza, samaki wadogo, waliokaushwa, na vitambaa vyangu vyote vinanuka Ziwa Kivu hadi Jumatatu. Nimemwambia mara mia.

Sasa nije kwenye wageni wapya wa mtaa.

Katika miaka hii ya karibuni barabara yetu imebadilika. Paa za mabati zimekuwa maghorofa ya vioo, nyumba za muzigo mmoja, yaani chumba kimoja, zilizokuwa zikipangishwa kwa mwezi zimekuwa apatimenti za kulipiwa kwa dola, kuna mahali pa kahawa kila unapogeuka. Sina ugomvi na kahawa. Uganda inauza kahawa duniani kote, ni haki yetu nasi tuinywe. Mwenye mgahawa mmoja ni mteja wangu, nimemshonea aproni thelathini, analipa siku aliyosema atalipa, jambo ambalo siwezi kuliapia kwa wateja wangu wote wa kanisani.

Siku nilipopeleka aproni hizo niliombwa ningoje, nikakaa kwenye kigoda. Kigoda kizuri, cha miguu mitatu, kimepakwa nta. Kiko pale cha kuuzwa, kina kikaratasi cha bei: shilingi 380,000. Mkono wangu ukaenda chini yake wenyewe, kama unavyopapasa kofia ya mwanao gizani ukaijua. Palikuwa na alama ndogo ya penseli, mistari miwili na nukta, ambayo seremala wetu huiweka upande usioonekana. Yeye alikiuza kwa 70,000 na akaona amepata. Kwenye kikaratasi paliandikwa kwamba kimetengenezwa kwa mkono, Kampala. Hapakuandikwa ni mkono wa nani. Mwenye mgahawa alipoambiwa aliona haya kidogo, na tangu siku hiyo ananunua moja kwa moja kichochoroni. Mambo kama haya yanawezekana watu wakiwa karibu.

Jumamosi huja pia vijana wenye kamera wakiongozwa na mtu anayewaonyesha mji. Wanampiga picha fundi wa kuchomelea, wanashangaa mashine ya kukereza, wananunua mikoba ya kitenge kwangu bila kupunguziwa bei. Mwongozaji wao huwaambia kwamba hii ndiyo Kampala halisi. Juzi fundi wa kuchomelea alivua miwani yake akamuuliza, kwa upole tu, halisi hiyo itakuwepo hadi mwezi wa ngapi, maana ukutani kuna X. Yule mwongozaji alitazama ukuta kana kwamba ndiyo kwanza umejengwa.

Sitaki mdhani tu malaika. Mafundi tuna maneno yetu ya "njoo kesho", na kesho yetu ina urefu wake. Vumbi la mbao limeziba mtaro zaidi ya mara moja, na mvua ya Novemba ikaingia kwa watu. Fundi wa kuchomelea hana pazia la kuzuia cheche, nimemwambia, na watoto wanapita pale. Randa inaanza kulia saa kumi na mbili asubuhi, na mtu aliyelipa dola zake kulala ghorofani ana haki ya kulalamika. Mambo haya yana dawa: mtaro kusafishwa Ijumaa kwa zamu, saa za mashine kupangwa, ukuta wa kuzuia cheche. Mwenyekiti wetu wa LC, baraza la mtaa, anaweza kuyamaliza kwa kikao kimoja na soda kreti mbili. Kubomoa si dawa ya vumbi.

Kuhusu kodi nitasema kwa ufupi ila kwa hesabu. Nilikuwa nalipa shilingi 400,000 kwa mwezi. Siku moja broka akaja na ujumbe kwamba kuanzia mwezi unaofuata ni 650,000, na asiyeweza aondoke mapema "ili kurahisisha mambo". Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inasema kodi isipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Asilimia 10 ya kodi yangu ni 40,000. Nilipolitaja hilo, broka akaniambia sheria ile ni ya nyumba za kulala, si maduka. Si kweli, inahusu na majengo ya biashara. Inasema pia kwamba mpangaji haondolewi bila amri ya mahakama. Lakini niambieni, wakubwa wangu, fundi wa makochi anayeandika vipimo kwenye mbao ataijulia wapi? Iko kwa Kiingereza cha mawakili. Mimi nilipewa na binti yangu aliyeitafuta kwenye simu usiku, tukaisoma pamoja mpaka data ikaisha. Nilimlipa broka 440,000. Alizipokea. Hajasema neno tena, na wiki tatu baadaye ikaja X.

Aliyeinunua ardhi simjui kwa sura, na sitalitaja jina lililo kwenye notisi. Pengine ni mtu mwema. Kiwanja ni chake, ana karatasi zake, na jiji linahitaji nyumba, mimi mwenyewe nina watoto watakaotafuta pa kupanga. Nawaandikia ninyi, si yeye, kwa sababu ramani ya jengo haiwi jengo mpaka ipitie mezani kwenu. Tangu Sheria ya Mipango Miji ya 2010, nchi nzima ni eneo la mipango. Basi tupangeni na sisi.

Na mnachotufanyia kwa mkono mmoja mnakijua. Mwaka 2019 serikali ilianzisha Emyooga, ikasema maseremala wawe na kikundi chao, mafundi wa nguo chao, wachomeleaji chao, wapewe mtaji. Nashukuru. Kuna sera ya kununua bidhaa za Uganda ili kuijenga Uganda, na kila waziri anaijua kwa moyo. Nzuri. Sasa mtu amepewa mtaji kanunua mashine, mashine ina uzito wa ng'ombe, imefungwa kwa boliti kwenye sakafu ya sementi. Anapewa siku tisini aing'oe. Ule mtaji umekwenda wapi?

Wapo watakaoshauri tujengewe soko la ghorofa. Mimi nimepanda masoko ya ghorofa. Nyanya inaweza kupanda ngazi. Kochi halipandi, wala mteja hapandi hadi ghorofa ya tatu kutafuta seremala ambaye zamani alimsikia kwa sauti ya randa akiwa barabarani. Fundi anataka chini, anataka uani pa kukaushia vanishi, anataka mlango ambao mkokoteni unaingia.

Ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa. Kabla hamjatia sahihi ruhusa ya kubomoa mahali penye mafundi, mtumeni mtu aje kwa miguu, akae siku moja, aandike nani anamtegemea nani. Msihesabu vibanda, hesabuni hizo kamba zinazowaunganisha. Halafu mwambieni mjenzi: panda juu upendavyo, ghorofa nane au kumi, ila chini, upande wa nyuma, acha karakana, na waliokuwepo wapewe nafasi ya kwanza kwa kodi wanayoweza. Hata yeye hatapata hasara. Wapangaji wake wa juu watahitaji makochi. Na kama haiwezekani kabisa, kama kweli lazima tuondoke, tuhamisheni pamoja, seremala na wa kukereza na wa makochi na wa kuchomelea na mimi na mama wa chai, tena mahali ambapo mteja wa Kabalagala anaweza kufika bila kuomba ruhusa kazini. Tuacheni tuonane. Hayo mengine tutayajenga wenyewe.

Mnakumbuka 2011, nyumba za mitaa ya Nakawa na Naguru hapa Kampala zilipovunjwa. Waliokuwa wakiishi pale waliahidiwa kwamba wangerudi kwenye nyumba mpya. Kwa miaka mingi paliota nyasi. Shangazi yangu mmoja alikuwa na duka la vitu vidogo vidogo kule, sukari ya kupimwa, sabuni ya kipande, kibiriti. Wateja wake walitawanyika kila mmoja upande wake na daftari la madeni akabaki nalo yeye. Analo mpaka leo. Kuna majina mle ya watu ambao hajui kama wako hai.

Na notisi yoyote, ya kodi, ya kubomoa, hata ya kusafisha mtaro, iandikwe na kwa Kiganda na kwa Kiswahili. Mkikosa mtu wa kutafsiri nipo, sitatoza.

Najua barua za wazi husomwa na kila mtu isipokuwa aliyeandikiwa. Kwa hiyo nawaalika. Njooni Alhamisi yoyote, saa tatu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Shukeni kwenye barabara ya Ggaba, gari kubwa halipiti kichochoroni. Muulizeni mtu yeyote kwa fundi wa gomesi. Mama wa chai atawakaangia roleksi, mayai mawili kwenye chapati moja, na hata akiwaambia ni bure, mlipeni. Nitawaonyesha rafu yangu ya mbao za vipimo. Fundi wa kukereza atawashikisha patasi mkitaka, kila anayejaribu mara ya kwanza hutoa mguu wenye tumbo mbili.

Ila dereva wenu asiegeshe mbele ya fundi wa makochi. Alhamisi ndiyo siku yake ya kupakia.

Wenu,
Fundi wa nguo, kichochoro cha barabara ya Ggaba, Nsambya